Baiskeli ya Umeme Ikigonga, Nani Analipa?

Mwezi wa Oktoba 2017, nchini Ubelgiji, gari lilimgonga mtu aliyekuwa juu ya baiskeli ya umeme. Aliumia vibaya, na Aprili 2018 akafariki dunia. Kwa kuwa ajali ilihesabiwa kuwa ya kazini, kampuni ya bima ya P&V, iliyokuwa na mkataba na mwajiri wake, ililipa fidia. Kisha ikaigeukia KBC, kampuni iliyolikatia bima gari lile, ikitaka irudishiwe fedha zake. Hapo ndipo mvutano ulipoanza.

Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1989 inawahurumia sana wanyonge wa barabarani. Mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli akiumizwa na gari, bima ya gari humlipa hata kama dereva hakuwa na kosa. Anayeachwa nje ya huruma hiyo ni dereva wa chombo kingine cha moto. Sasa marehemu alikuwa nani, mwendesha baiskeli au dereva? Baiskeli yake ilikuwa na kitufe cha kuiongezea nguvu, ambacho kingeweza kuifikisha kilomita 20 kwa saa bila mtu kukanyaga pedali, mradi kwanza aianzishe kwa miguu. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg, na tarehe 12 Oktoba 2023 majaji wakajibu kwamba chombo kisichoendeshwa kwa nguvu ya mashine peke yake si gari kwa maana ya sheria ya bima. Waliongeza kuwa vyombo vya namna hiyo havielekei kuleta madhara yanayolingana na ya pikipiki au gari.

Wanaotaka kila baiskeli ya umeme ikatiwe bima kwa lazima wangeanza kwa kuisoma hukumu hiyo. Jina linalomlazimisha mtu kukata bima ndilo hilo hilo linaloweza kumvua kinga yake. Baiskeli ikishaitwa pikipiki, mwenyewe analipa ada ya kila mwaka, na siku akigongwa yeye huenda akaambiwa hastahili kile ambacho jirani yake mwenye baiskeli ya kawaida angepewa bila maswali.

Bima ya mtu wa tatu, ile ambayo wenye magari Tanzania huiita bima ndogo, haikuwekwa kwa ajili ya mwenye chombo. Mtu wa kwanza ni aliyekata bima, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni yule asiyejua lolote kuhusu mkataba wao: mama anayevuka barabara, mtoto anayetoka shule, mwenye kibanda kilichobomolewa. Uingereza iliifanya ya lazima kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 1930, ili majeruhi aliyeshinda kesi asije akakuta kwamba aliyemgonga hana hata kitu cha kukamata. Mantiki hiyo iliingia Afrika Mashariki enzi za ukoloni na ingali hai katika Sura ya 405 ya sheria za Kenya na Sura ya 169 ya sheria za Tanzania. Zote mbili zinahusu vyombo vya moto. Baiskeli ya pedali haimo, na kwa miongo mingi hakuna aliyeona hitilafu, maana haina uzito wala mwendo wa kuua watu kwa wingi.

Mota ya umeme imeuvuruga mpango huo.

Ulaya imejaribu kuchora mpaka kwa tarakimu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 168 ya mwaka 2013 haiihesabu kuwa pikipiki baiskeli yenye mota isiyozidi wati 250, inayosaidia pale tu mtu anapokanyaga pedali, na inayokata msaada kabla mwendo haujafika kilomita 25 kwa saa. Uingereza ilikuwa imetangulia kwa kanuni zake za mwaka 1983, ambazo zilirekebishwa 2015 na sasa zina mpaka unaokaribiana sana na huo. Ndizo zilizomwezesha mvumbuzi Clive Sinclair, Januari 1985, kuleta sokoni C5, kigari cha umeme cha magurudumu matatu ambacho kijana wa miaka 14 aliruhusiwa kukiendesha barabarani bila leseni wala bima. C5 ilidoda ndani ya mwaka huo huo. Sheria ikabaki, na leo ndiyo inayolinda mamia ya maelfu ya baiskeli ambazo watunzi wake hawakuziota.

Upande wa pili wa mpaka, mambo hubadilika mara moja. Ujerumani, baiskeli ya umeme inayosaidia hadi kilomita 45 kwa saa ni chombo cha kukatiwa bima, na bima yenyewe huonekana kwa macho: kibao kidogo cha nyuma ambacho rangi ya maandishi yake hubadilika kila tarehe 1 Machi, nyeusi, buluu na kijani kwa zamu. Askari aliyesimama kando ya njia haombi karatasi wala simu. Akiona rangi ya mwaka jana, anajua bima imekwisha. Uswisi nayo iliwahi kwenda mbali zaidi, kisha ikarudi nyuma. Kwa miongo mingi kila baiskeli huko, hata isiyo na mota, ilibandikwa stika ya bima ya mwaka. Mwaka 2012 ikaifuta, kwa kuwa wananchi wengi walikuwa tayari na bima ya dhima binafsi inayobeba madhara wanayomsababishia mtu mwingine. Siku hizi baiskeli za mwendo mkubwa ndizo zenye namba ya njano. Zile za polepole hazina.

Mipaka yote hiyo inadhania kwamba baiskeli itabaki kama ilivyotoka kiwandani. Hilo halijawahi kuwa kweli. Mwaka 1950 Waingereza walianza kununua Cyclemaster, gurudumu zima la nyuma lililobeba injini ndogo ya petroli tumboni mwake. Mtu alitoa gurudumu la zamani, akafunga hilo, na baiskeli ikawa na moto. Kesi za baiskeli zilizofungwa injini hazikuchelewa. Katika Lawrence dhidi ya Howlett, mwaka 1952, injini ilikuwa imeng'olewa silinda na pistoni, na mwenyewe alikuwa akitumia pedali. Mahakama ikasema kwa hali ile hiyo ni baiskeli tu, haidaiwi bima. Mwaka 1953 ikaja Floyd dhidi ya Bush. Mwendeshaji wa safari hii naye alikuwa akikanyaga pedali, injini imezimwa, ila injini ilikuwa nzima. Mahakama ikaona kwamba alikuwa kwenye chombo cha moto kisicho na bima.

Hukumu za namna hiyo hazizifungi mahakama za Nairobi wala Dar es Salaam, lakini mawakili wa huku wamezoea kuzitaja, na ni vigumu kuona hakimu akizipuuza. Kinachoangaliwa ni uwezo wa chombo. Aliyefunga mota ya wati 1,000 anayejitetea kuwa dakika ile alikuwa akitumia miguu yake ameshajibiwa tangu 1953.

Seti za leo za kubadilisha baiskeli zinafanana kwa ajabu na Cyclemaster. Ndani ya boksi mna gurudumu lenye mota katikati, kontrola iliyofungwa kwenye kisanduku kidogo cha alumini, betri, breki zenye swichi ya kukata umeme, skrini ya kufunga kwenye usukani, na kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba. Kwenye mota pameandikwa wati 250 na mnunuzi anaridhika. Anayetaka ukweli asome kontrola. Ikiwa imeandikwa volti 48 na ampea 22, azidishe: ni wati 1,056 zinazoweza kuvutwa kutoka kwenye betri. Baiskeli halali nayo hupita wati 250 kwa muda mfupi inapopanda mlima, kwa sababu sheria hupima nguvu ya kudumu. Wauzaji wajanja wanaujua mwanya huo na wanaupenda. Kikomo cha mwendo kimo ndani ya menyu ya skrini. Mtu akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja akaifuta 25 na kuandika 50, au akaidanganya kompyuta kwamba tairi ni dogo kuliko lilivyo, baiskeli imehama kundi la kisheria bila spana kuguswa.

Na haijahama kwenye makaratasi tu. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Breki ni zile zile za waya, tairi ni zile zile nyembamba.

Ufaransa imeliona hilo na kulikunjia uso: kuibadilisha baiskeli ya umeme ipite kikomo chake kunaweza kumletea mtu faini ya hadi euro 30,000 na kifungo cha hadi mwaka mmoja. Uholanzi, ambako vijana wamezikumbatia baiskeli za matairi mapana, polisi hubeba mashine ya rola, wakaipandisha baiskeli juu yake na kuona inakimbia kiasi gani. Uingereza hutumia kosa la kukosa bima kama fimbo. Baiskeli iliyochakachuliwa ni chombo cha moto. Chombo cha moto kisicho na bima kinakamatwa papo hapo. Mwenyewe anatozwa pauni 300 na kuwekewa pointi 6 za adhabu kwenye leseni yake ya gari. Kwa nadharia, mtu huyo angeweza kuihalalisha baiskeli yake kwa kuipitisha kwenye ukaguzi wa pikipiki, kuisajili, kuvaa kofia ya pikipiki na kukata bima. Kwa vitendo, fremu ya baiskeli ya kawaida haifiki huko. Kampuni za bima nazo hupanga bei kwa kuangalia modeli, namba ya chasisi na historia ya madai, na baiskeli iliyofungwa mota uani kwa fundi haina chochote katika hayo matatu.

Agosti 2018, katika mtaa wa Dalston, mashariki mwa London, mwanamke wa miaka 56 aliyekuwa akivuka barabara aligongwa na baiskeli ya umeme, akafa kwa majeraha ya kichwa. Upande wa mashtaka ulidai kwamba baiskeli ilikuwa na uwezo wa kukimbia karibu maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, hivyo kisheria ilikuwa pikipiki. Mwendeshaji alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha kizembe, tena bila leseni na bila bima. Mwezi wa Machi 2020 aliachiwa huru na mahakama ya Old Bailey.

Jambo la kutazama kwa karibu hapa ni fidia. Uingereza ina chombo kiitwacho Motor Insurers' Bureau, kinachochangiwa na kampuni za bima za magari ili kuwalipa wanaogongwa na vyombo visivyo na bima au vilivyokimbia. Kazi yake inaishia kwenye vyombo vya moto. Matokeo yake yanashangaza: aliyegongwa na baiskeli iliyochakachuliwa ana mlango wa kubisha, wakati aliyegongwa na baiskeli halali ya wati 250 anabaki na aliyemgonga peke yake, awe tajiri au fukara. Sheria imemwona mwenye baiskeli kuwa hana hatia, ikamsahau aliyelala barabarani.

Pengo hilo halizibwi kwa kuongeza ulazima kila mahali. Ulaya iliwahi kukaribia huko bila kukusudia. Mwaka 2007 huko Slovenia, Bwana Vnuk alikuwa juu ya ngazi ghalani, nyasi kavu zikipandishwa darini, trekta likarudi nyuma na tela lake likaipiga ngazi, akaanguka. Mwaka 2014 mahakama ya Luxembourg ikaamua kwamba bima ya lazima inahusu matumizi yoyote yanayolingana na kazi ya kawaida ya chombo, hata ndani ya ua wa mtu. Ghafla wanasheria wakaanza kuuliza kuhusu magari ya gofu, mashine za kukatia nyasi, viti vya magurudumu vya umeme, na bila shaka baiskeli. Serikali ya Uingereza ilikadiria kwamba kuifuata hukumu hiyo kungemwongezea kila dereva kama pauni 50 kwa mwaka, na baada ya kutoka katika Umoja wa Ulaya ikaiondoa kabisa kwa sheria ya mwaka 2022.

Umoja wenyewe ulijirekebisha kwa Agizo namba 2118 la mwaka 2021, lililoanza kutumika Desemba 2023. Sasa kinachodaiwa bima ni chombo kinachokwenda kwa nguvu ya mashine peke yake, ambacho mwendo wake wa juu unazidi kilomita 25 kwa saa, au chenye uzito unaozidi kilo 25 na mwendo unaozidi kilomita 14 kwa saa. Nchi wanachama zinaweza kuongeza masharti yao. Hii ni hatua nzuri kwa sababu hatimaye uzito umetajwa. Hata hivyo imeacha shaka kwa baiskeli zilizobadilishwa. Baiskeli ya chuma ya kilo 17, ikiongezewa gurudumu lenye mota, betri na keria, inavuka kilo 25 kirahisi. Ikiwa kitufe cha kidole gumba kinaiondoa kutoka kusimama bila pedali kuguswa, ni vigumu kusema bado inategemea miguu ya mtu.

Kwa baiskeli za polepole, dawa iliyofanya kazi vizuri zaidi ni kumkatia bima mtu badala ya chombo. Ujerumani, bima ya dhima binafsi ya familia kwa kawaida inabeba baiskeli ya umeme ya kilomita 25 kwa saa kama inavyobeba mpira wa mtoto uliovunja kioo cha jirani. Uingereza, wanachama wa chama cha Cycling UK hupata kinga ya dhima kwa watu wengine ya hadi pauni milioni 10, na baiskeli halali za umeme zimo. Hakuna namba ya kufunga nyuma, hakuna stika, na gharama inabebwa na ada ya uanachama. Lakini kinga za namna hii hukatika pale pale hatari inapoanzia: mota ikipita kipimo kampuni haipo, na mara nyingi baiskeli ikitumika kwa biashara kampuni haipo vile vile.

Hilo la biashara ndilo linaloileta mada hii hadi kwetu. Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, iliiwekea baiskeli ya umeme kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia sifuri. Mnunuzi ameambiwa anunue. Ukiigeukia Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, chombo cha moto ni chombo chochote kinachoendeshwa kwa nguvu ya mashine, ukitoa vya relini na vinavyovuta umeme kutoka nyaya za juu. Kwa usomaji wa moja kwa moja, baiskeli ya wati 250 na pikipiki ya petroli zimo katika sentensi moja. Wati hazikutajwa, pedali hazikutajwa, mwendo haukutajwa. Sheria moja inaiita baiskeli na kuipa nafuu. Nyingine, ikisomwa na wakili wa upande wa pili baada ya ajali, inaifanya kuwa chombo kisicho na bima.

Anayebeba hatari hiyo zaidi ni kijana wa kupeleka chakula na vifurushi, anayelipwa kwa safari, anayeshinda barabarani mchana kutwa na kukimbizana na dakika zilizoandikwa kwenye simu. Akimvunja mguu mchuuzi wa kando ya njia, hana mali ya kulipa. Kampuni yenye programu itasema si mwajiriwa wake. Aliyemkodishia baiskeli atasema alikodisha baiskeli tu. Mchuuzi atalipa hospitali kwa harambee. Na ikumbukwe kwamba hata bima ya pikipiki ikiwepo, Sura ya 405 inaweka kikomo cha shilingi milioni 3 za Kenya kwa dai la mtu mmoja, kiasi ambacho jeraha la uti wa mgongo hukimaliza mapema.

Dar es Salaam haihitaji kungoja baiskeli za umeme zijae ndipo ilione tatizo hili. Guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, lilikuwa la kusukumwa kwa pedali. Siku hizi yapo yaliyofungwa injini, yakiwa na maji, mbao na vyuma juu yake. Fundi aliyelibadilisha hakuuliza kama limehamia Sura ya 169, na aliyelinunua hakuuliza pia. Betri zikishuka bei, mafundi wale wale watafunga mota za umeme.

Uamuzi unaofaa hauko mbali na ule ambao Ulaya imeufikia kwa kujikwaa, isipokuwa huku pangewekwa mkazo mahali pengine. Baiskeli inayosaidia miguu, nyepesi, isiyopita kilomita 25 kwa saa, ibaki baiskeli kwa jina na kwa kinga, na mwenyewe asidaiwe bima. Kila inayojiendesha kwa kitufe na kupita mwendo huo iwe pikipiki, na bima ndogo juu yake. Anayeiingiza baiskeli ya aina yoyote katika biashara ya usafirishaji, awe kampuni ya programu au mwenye kukodisha, ndiye akate bima ya mtu wa tatu kwa jina lake, kwa kundi zima la waendeshaji, kwa sababu ndiye anayepanga haraka yao na ndiye mwenye uwezo wa kulipa. Na fundi anayefunga mota aandike kwenye risiti wati, ampea za kontrola na kikomo cha mwendo alichokiacha.

Kwa Kenya, kazi hiyo haihitaji kusubiri sheria mpya. Tafsiri ya chombo cha moto katika Sura ya 403 tayari inaruhusu kanuni za kutangaza vyombo ambavyo havitahesabiwa kuwa vya moto, na kanuni ya ukurasa mmoja yenye wati, kilo na kilomita kwa saa ingetosha. Hadi itakapoandikwa, anayefunga mota kwenye baiskeli yake aiulize kampuni ya bima kwa barua, adai jibu kwa barua, na aliweke pamoja na risiti ya fundi.